Ngama ya boti ya tanga: naosha, inanuka tena. Nianzie wapi?

Foromali ameuliza:

Wakuu, salamu kwenu wote.

Nina boti ya tanga ya faiba, urefu mita 10, injini ndogo ya dizeli, mkuku wa chuma (uti wa chini wa boti) uliofungwa kwa boliti, na mlingoti unaopita sitahani (sakafu ya juu) ukakaa chini juu ya mkuku. Kinachonisumbua ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, chini ya sakafu, maji yanapokusanyika. Pale penye boliti za mkuku hapakauki. Maji si mengi, kimo chake vidole viwili tu, na pampu ya umeme ikifika hapo inavuta hewa na kupiga kelele bila kuyamaliza. Rangi yake ni ya kijivu, juu kuna utando mwembamba unaong'aa rangi nyinginyingi, na harufu ni ya mayai viza. Boti ikikaa imefungwa usiku kucha, asubuhi ukisogeza mlango wa kabini harufu inakupokea hapo hapo. Matandiko yanaishika, nguo zinaishika. Mke wangu anapenda bahari kuliko mimi, lakini siku hizi analala juu sitahani.

Nimekwisha kuosha kwa sabuni ya maji, nikasuuza, nikafua (nikachota na kumwaga) maji yote kwa kopo na sponji mpaka ukabaki unyevu tu. Siku za mwanzo panakuwa safi, halafu maji yanarudi na harufu inarudi nayo. Na tukienda joshi, yaani upande upepo unakotoka, na bahari imechafuka huwa mbaya zaidi, maji yanapanda ubavuni hadi nyuma ya makabati.

Jirani mmoja wa gatini amenishauri nimwage galoni zima la dawa ya klorini nifunge sakafu. Mwingine anasema ninunue pampu kubwa. Naomba mnisaidie wenye uzoefu: ngama ya boti kama hii inaweza kukauka kweli, au maji kidogo ni kawaida na nijifunze kuishi nayo? Na hiyo klorini niimwage?

Bi_Shetri amejibu:

Ndugu yangu Foromali, inaweza kukauka. Mimi naishi botini, nalala nusu mita juu ya ngama yangu, na nikiinua ubao wa sakafu nakuta vumbi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili watu wanalichukua kwa wepesi mno, wanaliona la harufu tu, kumbe chini ya hayo maji ndipo zilipo boliti zinazoushika mkuku wako.

Klorini usiimwage. Kama choo chako kinavuja hata kidogo, mkojo una amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, nawe umeinama ndani ya shimo lisilo na upepo. Ikikutana na siki au dawa ya asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini yenyewe. Ukipona hayo, bado inakula mipira ya pampu na kuitoboatoboa stenlesi. Galoni zima ndani ya ngama iliyofungwa ni hatari, na wiki ya pili harufu ingerudi vilevile.

Ingerudi kwa nini? Maji ya bahari yana salfeti, karibu gramu 2.7 kwa kila lita. Maji yakituama, oksijeni ikaisha, kuna bakteria wanaoitumia hiyo salfeti mahali pa oksijeni, na wanachokitoa ni gesi ya hidrojeni salfaidi. Ndiyo hayo mayai viza. Ule utando unaong'aa ni mafuta ya injini au dizeli. Unawafaa bakteria mara mbili, kwanza unakuwa chakula, pili unafunika maji hewa isiingie. Nywele, makombo na sabuni iliyobaki nazo ni chakula. Wewe ukiosha unawapunguza, lakini ukiwaachia maji waliobaki wanazaana upya. Kwa hiyo kazi yako hasa ni kukata maji. Na kabla ya kuingiza kichwa humo, fungua madirisha yote kwanza upepo upite. Gesi hiyo ikiwa nyingi hulevya pua, mtu akadhani imeisha na kumbe amezoea.

Sasa swali ni moja: maji gani? Watu wengi hawaliulizi. Wanaona maji, wanawasha pampu. Fua yote, kausha kwa sponji kisha kwa matambara, mpaka ukipitisha karatasi ya chooni itoke kavu. Halafu usiguse kitu. Subiri maji yaonekane tena, chota kijiko, mwaga kwenye sahani nyeusi, iweke juani. Usionje kamwe maji ya ngama, hata wakikuambia wazee walionja. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo yatakuachia ukoko mweupe unaoonekana. Maji ya mvua au ya tangi yataacha alama hafifu tu. Kijiko hicho kimoja kitakupunguzia nusu ya boti ya kupekua.

Yakiwa matamu, yaani bila chumvi, mimi ningeanza na mlingoti wako. Mlingoti unaopita sitahani una matundu juu, pale henza (kamba za kupandishia tanga) zinapoingia na kutoka, na mvua inayoingia humo hushuka ndani kwa ndani hadi kitakoni na kutokea kwenye ngama. Ule mpira unaofungwa shingoni mlingoti unapopita sitaha hauwezi kuyazuia, unazuia yanayoteremka kwa nje tu. Huwezi kuyaziba kabisa, lakini unaweza kuyaelekeza. Kwangu kitako cha mlingoti kina tundu la kutolea maji, na chini yake nimebana chombo kidogo chenye mpira mwembamba, mvua ikipita namwaga. Ukiona tundu lako limejaa uchafu lizibue, maana maji yakisimama ndani ya kitako yanakula alumini. Baada ya mlingoti ndiyo uangalie tangi la maji ya kunywa na viungo vyake. Hapo tia rangi ya chakula kwenye tangi, ya bluu au kijani, na ngama ikigeuka rangi umeshampata. Halafu friji. Kama maji ya kuyeyusha barafu yanashuka ngamani, yahamishe leo, kwa sababu yanakuja na maziwa na damu ya samaki, na hakuna sabuni itakayoshindana na hivyo.

Yakiwa ya chumvi, nenda nyuma kwenye shafti ya rafadha (pangaboi linalosukuma boti). Kwenye glandi (kizuia maji pale shafti inapotoka nje ya boti) ya kizamani yenye pakingi (kamba za kuzibia), matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa, yanaipoza. Injini ikizimwa inatakiwa iwe kavu au karibu kavu. Na usidharau tone. Matone kama 20 ni mililita moja. Tone moja kila sekunde 10 ukilitazama unaona si kitu, lakini kwa siku nzima ni karibu nusu lita. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4. Vidole vyako viwili vya maji huenda vimetoka hapo tu. Kaza nati kidogo, chini ya robo mzunguko, endesha, kisha injini ikiwa imezimwa gusa kisanduku cha glandi. Kikiwa cha moto kisichoshikika umebana mno. Ikibidi kukaza kila safari, pakingi imekwisha, itoe uweke mpya.

Vitu vingine vya chumvi ni vali zote zinazotoboa kiunzi (mwili wa boti), pampu ya maji ya kupozea injini, choo, mhimili wa usukani, na sanduku la mnyororo wa nanga mbele, ambalo mara nyingi linamwaga nyuma kimyakimya. Kuvitafuta kunahitaji subira kuliko ujuzi. Nyunyiza poda ya mtoto juu ya faiba iliyokauka, chini ya kila unachokishuku. Maji yakipita yanaacha mstari uliochorwa wazi, unaufuata kwa macho kupanda juu mpaka mwanzo wake. Kwenye viungo vya mipira zungushia karatasi ya chooni. Ikilowa unaiona kwa mbali.

Sasa hayo ya kupanda nyuma ya makabati mkienda joshi. Hiyo ina maana kuna maji yaliyofichika mahali, na ukifua banduru (kishimo cha chini kabisa cha ngama) tu unayaacha. Chini ya mataruma (mbavu za boti) kuna matundu ya kupitishia maji kutoka chumba kimoja hadi kingine. Chukua waya mwembamba uyazibue yote, moja baada ya jingine, kuanzia omo (mbele) hadi shetri (nyuma). Utakuta vumbi la mbao, nywele, na karatasi za makopo. Hizo karatasi nizitaje peke yake: kama unahifadhi makopo ya chakula ngamani, bandua karatasi zote uandike jina kwa kalamu ya wino juu ya bati. Zikilowa zinakuwa uji na kuziba kichujio cha pampu siku ile unapoihitaji kweli. Penye kishimo ambacho maji hayawezi kutoka hata tundu likiwa wazi, kausha kabisa, safisha mafuta yote, kwaruza, kisha jaza kwa epoksi iliyotiwa unga wa kuikaza mpaka sakafu yake iteremkie kwenye banduru. Nati za boliti za mkuku usizifunike hata kidogo. Mwisho paka rangi nyeupe au kijivu cheupe. Ngama yenye rangi nyeupe haifichi tone la mafuta wala mstari wa kutu.

Hapo kwenye kutu ndipo ninapokuomba usikubali maneno ya "maji kidogo ni kawaida". Stenlesi haishiki kutu kwa sababu oksijeni inailinda, inajenga ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ikikaa ndani ya maji yaliyotuama, yenye chumvi, yasiyo na hewa, ngozi hiyo haijijengi tena, na chuma kinaliwa kwa ndani, kwenye mianya, mahali usipopaona. Juu nati inang'aa, chini boliti imekonda. Maji yako ya kijivu yanafanya kazi hiyo usiku na mchana.

Harufu ya choo ni jambo jingine. Mipira ya maji machafu ikizeeka hupitisha harufu yenyewe, bila tone kuvuja. Chukua kitambaa safi, kilowe maji ya moto, kamua, uzungushie mpira kwa dakika chache, kisha kinuse mbali na boti. Kikinuka, mpira umekwisha, hausafishiki.

Na hewa. Ninapoondoka botini naacha mbao mbili za sakafu zimeinuliwa, moja mbele, moja nyuma, na milango ya makabati wazi, ili upepo uzunguke. Vile visanduku vya hewa vya sitahani vinavyopitisha upepo na kumwaga maji vinaitwa Dorade, jina la boti ya mashindano iliyochorwa na Olin Stephens na kuteremshwa majini mwaka 1930. Kama huna hata kimoja, kiweke. Upepo unaopita siku nzima unakausha unyevu ambao sponji haiufikii.

Volti12 amejibu:

Wakuu, Bi Shetri kamaliza upande wa maji, mimi niguse pampu kwa sababu Foromali ameshauriwa anunue kubwa.

Pampu kubwa haikaushi ngama. Pampu za kuzamisha zenye pangaboi zinahitaji maji ya kimo fulani ili zivute, chini ya hapo zinakula hewa. Kubwa zaidi mara nyingi huacha maji mengi zaidi. Halafu kuna maji yanayorudi. Mpira wa kipenyo cha milimita 28 wenye urefu wa mita 3 unabeba karibu lita 1.8, na pampu ikizimika yote yanashuka tena ngamani. Kama banduru yako ni nyembamba, yanainua swichi ya kuelea, pampu inawaka, inayatoa, inazima, yanarudi. Nimekuta betri zimekufa hivyo, boti haina hata tundu.

Usiitibu kwa kuweka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye pampu kubwa. Vali hiyo hukwama, na inapokwama imefunga, pampu yako ya dharura haipo tena.

Dawa ni pampu mbili. Chini kabisa weka kichujio kidogo bapa, kiunganishwe kwa mpira mwembamba na pampu ya kiwambo (utando wa mpira unaovuta na kusukuma maji) iliyofungwa juu pakavu. Pampu ya kiwambo haiharibiki ikivuta hewa, ina vali zake yenyewe ndani, na inaacha maji ya milimita chache tu, ambayo sponji inayamaliza. Hiyo ndiyo ya kila siku. Ile kubwa ipandishe sentimita kadhaa juu yake na swichi yake peke yake na king'ora. King'ora kikilia ujue kuna jambo.

Na kubwa unaihitaji, usielewe vibaya. Mpira wa vali ya sentimita 5 ukichomoka, sentimita 60 chini ya usawa wa maji, zinaingia zaidi ya lita 200 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa galoni 2000 za Kimarekani kwa saa ni kama lita 126 kwa dakika, na hizo zimepimwa bila kupandisha maji. Ukiipa kimo cha mita moja na nusu, mpira wenye mikunjo ndani na waya mwembamba, unaweza kupata karibu nusu yake. Kwa hiyo pampu inakununulia dakika za kulitafuta tundu na kuliziba. Funga kizibo cha mti laini kwa kamba pembeni ya kila vali, mkono ukikipapasa gizani ukikute.

Tumia mpira laini kwa ndani, waya mnene, fyuzi karibu na betri, na swichi ya kuelea iunganishwe moja kwa moja na betri ili ifanye kazi hata ukizima umeme wote na kwenda nyumbani. Tundu la kutolea maji liwe juu, karibu na katikati ya shetri, na mpira upande juu sana kabla ya kushuka hapo. Boti ya tanga inalala. Tundu la ubavuni linazama upande wa demani (upepo unakoelekea), na maji yanaweza kurudi ndani kwa mpira ule ule.

La mwisho: kama una jiko la gesi au injini ndogo ya petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa ngamani. Ukinusa gesi au petroli usiguse swichi yoyote, hata ya pampu. Funga mtungi, fungua kila kitu, shusha watu.

Deheni amejibu:

Bi Shetri, nakuunga mkono kwa boti ya faiba, lakini wenye boti za mbao wakisoma hapa wasikaushe hivyo. Mimi nina ya mbao maisha yangu yote. Mbao zikikauka kupita kiasi zinasinyaa, mishono inafunguka, kalafati (pamba ya kuzibia mishono) inalegea, na ukiirudisha majini inakunywa. Ngama ya mbao ikiwa na unyevu wa maji ya bahari haiozi upesi, chumvi inaihifadhi. Adui yetu ni maji matamu. Mvua inayopita sitahani na kukaa nyuma ya mataruma ndiyo inayoleta ukungu, na mti ukipita unyevu wa kama asilimia 20 uozo unapata njia. Kwa hiyo sisi tunapigana na sitaha inayovuja kuliko tunavyopigana na ngama.

Lakini harufu hatuivumilii. Maji ya bahari yaliyomo tunayafua na kumwaga mapya, tunayafua tena, mpaka yatoke meupe. Na matundu chini ya mataruma nimepitisha mnyororo mwembamba toka omo hadi shetri, umelala humo daima. Nikiona maji hayateremki naushika ncha moja nauvuta mbele na nyuma, matundu yote yanazibuka kwa mara moja. Hili hata wewe wa faiba, mwanangu Foromali, unaweza kulifanya, ila kwako tumia kamba ngumu badala ya mnyororo usije ukakwaruza rangi.

Foromali amejibu:

Shikamooni wazee wangu, na asanteni kwa muda wenu. Nimefanya kama mlivyosema na nina majibu.

Nilikausha mpaka karatasi ikatoka kavu, nikanyunyiza poda. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi kulikuwa na mstari mmoja mzuri kabisa kutoka kitako cha mlingoti hadi banduru, na kwenye sahani maji yake hayakuacha kitu. Tundu la kitakoni lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Nyuma, chini ya glandi, kulikuwa na maji mengine, na hayo yaliacha ukoko mweupe kama ulivyosema Bi Shetri. Tone lilikuwa linaanguka polepole hivi kwamba ningelitazama dakika nzima nisingelijali. Nimekaza kidogo, sasa injini ikizimwa linaacha.

Nyuma ya tangi la maji, upande wa kushoto, nilikuta tundu moja limezibwa na epoksi tangu boti ilipojengwa. Nyuma yake maji yalikuwa meusi, mazito, yananuka kuliko yote. Nimelitoboa, yakatoka. Nadhani ndiyo yaliyokuwa yakipanda tukienda joshi.

Boliti za mkuku nimezifuta. Saba zinang'aa, mbili za nyuma zina doa la kahawia chini ya nati. Na kitambaa cha moto kwenye mpira wa choo kimenuka vibaya.

Naomba mawili. Maji yenye mafuta niliyoyafua yako kwenye ndoo, nifanyeje? Na hizo boliti mbili?

Bi_Shetri amejibu:

Hongera. Tundu lililozibwa tangu kiwandani si jambo geni, na wengi hawalipati kwa sababu hawainui tangi.

Anza na boliti. Doa la kahawia linaweza kuwa kutu ya juu tu, au dalili kwamba maji yanapita kwenye mshono kati ya mkuku na kiunzi. Zifute mpaka ziwe safi, ziache kavu, na uzitazame baada ya safari ya upepo mkali. Doa likirudi kwenye ngama iliyo kavu, maji yanatoka chini, hayatoki ndani ya boti. Hapo boti ipandishwe nchi kavu, mtu anayejua mikuku aukague mshono kwa nje na achomoe walau boliti moja aione mwili wake. Kwa hili usingoje msimu uishe, na kabla ya hapo usiende mbali na pwani.

Maji ya mafuta usiyamwage baharini, wala usiyatie sabuni ili utando upotee. Sabuni inayavunja mafuta kuwa matone madogo yanayojificha majini, hayaondoki. Mkataba wa MARPOL, wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, hauruhusu meli kumwaga maji ya ngama yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 katika milioni, na meli hizo zina mitambo ya kuyachuja. Ndoo yako haina mtambo, na maji yenye utando unaouona kwa macho si ya kumwaga. Nunua vitambaa vya polipropilini vinavyonyonya mafuta na kuyakataa maji. Laza kimoja juu ya ndoo, kiache usiku kucha, kitakunywa utando wote. Mafuta yaliyonyonywa yapeleke yanapopokelewa mafuta machafu ya injini. Kingine kiweke daima chini ya injini, kwenye sinia lenye kingo, ili mafuta yasifike banduru hata siku moja. Kikianza kuwa cheusi upande mmoja, umeshajua injini inavuja upande gani.

Kuosha sasa ndiyo wakati wake, baada ya mafuta kutoka. Maji matamu ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na klorini, brashi, suuza mara mbili kwa maji matamu. Chumvi ikibaki kwenye faiba inavuta unyevu wa hewa na ngama itaonekana inatoka jasho hata bila kuvuja.

Mpira wa choo badilisha wote, usikate kipande kibovu ukaunga. Kabla ya kuufungua funga vali ya kiunzi, kisha sukuma maji safi mpaka yaliyomo yaishie kwenye tangi la maji machafu. Chagua mpira uliotengenezwa kwa maji machafu, wenye ukuta mnene. Ncha zake zitumbukize kwenye maji ya moto zilainike, usizipake mafuta ya injini kamwe. Kila ncha ifunge kwa vibano viwili vya stenlesi kama shingo ya kiungo ina urefu wa kuvipokea, vichwa vyake vitazamane pande tofauti. Ulaze ukiteremka mfululizo kuelekea tangini, usiache tumbo linaloning'inia katikati, maana maji machafu yatatuama hapo na mpira mpya utazeeka upesi. Na kila unapofunga boti kwa siku nyingi, sukuma maji matamu mpaka mpira mzima ubadilishe maji. Mita moja ya mpira wa milimita 38 inabeba zaidi ya lita moja, kwa hiyo mipigo miwili mitatu ya mkono haitoshi. Hesabu urefu wako, usukume zaidi ya hapo.